Esi ya Pili

Mwaka huo nilikuwa nachora mabango Malindi:
brashi tatu, kopo la bluu, ngazi ya kuazima.
Herufi za Kiingereza nilizijua kwa sura, kama majirani.
Huyu namwamkia. Yule sijui hata anakula nini.

Signora Donata alinipa kikaratasi kilicholowa mafuta,
orodha ya vyakula, niiandike ukutani kabla ya Ijumaa.
Supu. Kamba. Wali wa nazi.
Na chini kabisa, kwa herufi nene,
lile neno lao la kitindamlo.
Nikalichora. Nikalitia na kivuli cha dhahabu.

Ijumaa mgeni mmoja, kofia ya ukili, pua imebabuka,
akasimama, akasoma, akacheka hadi akashika nguzo.
"Hapa," akasema, "ukimaliza kamba
unaletewa jangwa."

Esi moja.
Jangwa lao lina esi moja, kavu, peke yake.
Kitindamlo kina mbili, bega kwa bega,
kama watoto wanaogombea kijiko.

Usiku sikulala. Niliyapitia mabango yangu yote kichwani.
Duka la Shebwana Lali, kule Barani, la madaftari na kalamu:
nilitia A palipotaka E,
na mwaka wa nne sasa bango linatangaza
kwamba duka hili limesimama tuli, halisogei.
Kwa haki, halijasogea.

Kisha zahanati, mlango wa wodi ya wazazi.
Niliambiwa niwaombe watu wawe kimya.
Herufi mbili za mwisho zikapishana mkononi mwangu
nami nikawaomba wawe kabisa.
Kabisa nini? Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Wanawake wamepita chini ya neno lile, mkono kiunoni,
wakaingia wawili-wawili katika mwili mmoja,
wakatoka na mtoto mgongoni.
Labda wao walilisoma sawasawa.

Jumamosi nikarudi na kopo.
Kadzo, mpishi, akatoka jikoni na mwiko wake.
"Limekosa nini neno hilo?"
Nikamweleza. Akalitazama kitambo,
mwiko unadondosha tui juu ya kandambili zake.
"Kwa hiyo jangwa huandikwa vipi?"
"Hivyo hivyo lilivyo."
"Basi liache.
Kwetu Langobaya, mwaka wa tatu huu,
baada ya chakula ndilo linalofuata.
Na siku nyingine halingoji chakula."

Sikuwa na jibu. Nafasi nayo haikuwepo.
Nikaibana esi ya pili katikati, nyembamba, imejikunja,
kama mtu aliyechelewa hitimani
akaonyeshwa mkeka uliokwisha kujaa.
Donata akanikata mia tano.
Kadzo akaniwekea bakuli la maandazi yaliyolowa sukari
wala hakusema tena.

Nyumbani mama alikuwa uani.
Mama ni mtu wa Lamu; miaka thelathini ya Malindi
haijamtoa Lamu ulimini.
"Ndoo!" akaniita.

Zamani, shule iliponifunza lugha ya vitabuni,
nilikuwa nikimpelekea ndoo yenyewe, ya maji, makusudi,
uso mkavu kama wa karani.
Naye akinikimbiza nayo ua mzima:
"Nakwita weye! Ndoo! Ndoo hapa!"
Na mimi, huku nacheka: "Si hii hapa, mama?"

Jioni hiyo nilitoka mikono mitupu, kama mtu mzima.
Nikafika nusu ya ua, nikasimama.
Nilimfikiria Kadzo, na lori la maji linapotimua vumbi kwao:
huyu anaita njoo, yule anaita ndoo,
na wote wanakimbilia upande mmoja.

Nikarudi nikaichukua ile ya bati, yenye mpini wa kamba.
Mama akaitazama, akanitazama.
"Na hiyo ya nini?"
"Sikusikia vizuri," nikamwambia.
Akasogea kwenye jamvi, akanipa nafasi.