Visanduku Vitatu

Kila robo ya mwaka, wiki ya pili,
napigia simu viwanda vya bonde la Ave
kuuliza swali lile lile:
miezi mitatu ijayo, oda zenu
zitapanda, zitabaki palepale, au zitashuka?
Fomu ina visanduku vitatu.
Cha nne hakuna.

Deolinda Maciel, mashuka na foronya,
hanijibu mara moja. Nyuma yake nasikia cherehani,
nazihesabu kwa sikio: tano, labda sita.
Kabla ya mdororo zilikuwa arobaini,
na mwaka jana nilipopiga
kilichonguruma kilikuwa jokofu tu.
"Andika zitapanda," anasema.
"Ila uandike kwa penseli."

Abílio Seixas, mtia rangi,
miaka thelathini na mmoja kwenye mapipa ya moto,
hataki swali langu hata kulisikia.
"Wewe unakaa ghorofa ya tatu.
Shuka darajani ukauangalie mto."
Najua anachosema. Miaka yetu ya njaa
maji yalikuwa maangavu kama dirisha la benki.
Trauti walirudi, vivuli vyao juu ya mawe,
wageni wakaja na kamera kuupiga picha usafi wetu,
wasijue wanapiga picha mishahara isiyolipwa.
Baba alivua wawili siku aliyopewa barua,
akawakaanga kwa siagi,
tukala bila kutazamana.

Sasa, asema Abílio, tangu Jumatatu
maji yanatoka na wekundu kidogo,
kama mtu aliyesuuza bilauri ya divai.
"Kidogo," anarudia. "Ni taulo za mteja mmoja, wa Denmaki.
Zikiisha, sijui."
Nimtie kisanduku gani huyu?

Bibi Custódia Lobarinhas alishafunga,
ila namba yake ingali kwenye orodha
na kanuni yetu ni kupiga.
"Kupanda?" Anacheka, kikohozi kinamkatiza.
"Binti yangu kapanda basi la Luxemburg.
Mwanawe kapanda mgongoni mwangu.
Na pale wafanyakazi walipoegesha magari
nimepanda kabichi, safu kumi na mbili.
Andika basi, mwanangu. Kwangu kila kitu kimepanda."
Naandika: hakuna jibu.

Ofisini, Daktari Quitéria
anapitia rasimu yangu, kalamu nyekundu mkononi.
Nilikuwa nimeandika *wanasubiri*.
Analifuta, anaweka *ahueni ya tahadhari*,
kisha mstari wa grafu unaoinua pua
kama mgonjwa aliyenusa supu jikoni.
Simlaumu. Wizarani hawasomi penseli.
Na mkataba wangu, nao wa miezi mitatu,
uko mezani pake, chini ya kikombe cha kahawa.

Jioni nashuka darajani.
Mawe bado yanaonekana. Juu yake
uzi mwekundu unapita, unanyooka,
unapotelea chini ya tao.
Trauti mmoja amekabili mkondo,
anatikisa mkia kiasi tu cha kubaki alipo.
Namwombea asife.
Naomba pia maji yachafuke, Mungu anisamehe,
yawe mekundu, yawe ya bluu, yawe kijani cha shuka za hospitali,
yapite usiku na mchana na mvuke juu yake.
Naomba yote mawili kwa mdomo huu mmoja.

Kesho saa tatu nitampigia Deolinda tena;
nilisahau kumuuliza idadi ya mafundi.
Akipokea, sitasema kitu kwanza.
Nitatega sikio nyuma yake
nione kama ni saba.