Zizi la Mafahali Wawili

Injini ya kwanza ilikuwa ya pikipiki yetu,
ile iliyogoma mara tatu kwenye mlima wa Ntokela
na magunia mawili ya viazi mgongoni,
lumbesa, yale yenye kilemba cha nyavu.
Ya pili baba aliinunua Mwanjelwa, kwa muuza chuma chakavu,
kilo ishirini na sita kwenye mizani, matope yakiwemo.
"Na matope nayo nimeyalipia," alisema,
akayakwangua polepole, akayaweka kwenye kopo.

Alizipanga mezani, meza ile ile ya ugali.
Mama akahamishia sahani chini ya kitanda.
Wiki saba tulikula tumepakata bakuli
na kila mboga ilinuka petroli.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi.
Hakuna kazi ngumu kama kushika tochi:
unamulika spana, yeye anatazama nati;
unamulika nati, mkono umeshaingia gizani.
"Lugano, mulika ninapofikiri, si ninaposhika."
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Sikujua fikra za baba zinakaa upande gani wa silinda.

Mwambungu, jirani, alichungulia na mwavuli wake:
"Ambakisye, mafahali wawili hawakai zizi moja."
Baba hakuinua kichwa.
"Hawa hawakai. Wanafanya kazi."

Aling'oa sumaku ya moja, akang'oa klachi ya nyingine,
akazilaza bega kwa bega kama wagonjwa wa kitanda kimoja.
Kati ya krenki na krenki palitakiwa kipande cha chuma
kirefu kama kidole changu cha kati.
Fundi wa Mbalizi alikichonga mara mbili:
cha kwanza kilipungua unene wa unywele,
na unywele, kumbe, injini inauona.

Usiku ilipowaka
pistoni zote mbili zilipanda pamoja, zikashuka pamoja,
kama watu wawili wanaogombea mlango.
Meza ikatembea.
Kikombe cha bibi, kile cha maua, kikafika ukingoni, kikaenda zake.
Mabati yakalia. Kuku wakatoka bandani, wakasimama kwenye mvua.
Baba akazima. Akakaa.
Hakusema neno mpaka chai ikaota utando.

Kisha akachukua msumeno,
akakata kazi yake ya wiki saba katikati,
akageuza krenki moja nusu mzunguko,
akachomelea upya.
"Mmoja akipanda, mwenzake ashuke,"
alisema, si kwangu, si kwa mama
aliyekuwa mlangoni amekunja mikono,
na ambaye, nadhani, alishalisema hilo miaka mingi
kuhusu jambo jingine.

Sauti yake haikuwa nzuri, nisiwadanganye.
Tu-tu. Kimya. Tu-tu. Kimya.
Kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, anakimbilia basi.
Na mafuta iliyanywa
kama wageni wa harusi waliokuja bila kadi.

Alhamisi ile ukungu ulifunga hadi vizingitini.
Baba alipakia magunia matano kwenye guta la matairi matatu,
mimi nikatangulia juu, kwenye kona yenye mikaratusi,
nikasimama na akina mama wa maparachichi.
Hatukuona kitu. Tulisikia:
tu-tu, kimya, tu-tu, kimya,
ikitoka bondeni, ikafika pale ilipozoea kugoma,
ikapapita.

"Sogeeni," alisema mmoja, akivuta beseni lake,
"pikipiki mbili zinapanda."

Tukasogea, tukaacha nafasi ya mbili.
Likapita guta moja,
baba juu yake, uso umelowa, hatazami kando,
gunia la mwisho likivuja viazi njia nzima.
Nikainama kuviokota,
ndipo nikaona mkono mmoja haufai,
umeshika tochi,
imewashwa,
saa nne asubuhi.