Kumbukumbu za Kikao

Mimi ni karani wa baraza la mji,
mji mdogo chini ya milima ya Balkani,
na kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa,
si yaliyotokea.

Niliandika: "Ajenda ya saba. Ukuta wa nyuma wa maktaba."
Sikuandika mvua iliyokuwa ikigonga vioo,
wala diwani Haralampiev
aliyekuwa akibanja jozi chini ya meza
na kusukumia maganda kwa jirani yake.

Mji wetu ulijengwa ukiupa mto kisogo.
Viwanda vya ngozi vilitangulia,
zikafuata nyumba, shule, maktaba,
zote madirisha yakitazama barabara,
na upande wa maji, mabomba.
Bibi yangu alijua siku kwa rangi ya mto:
Jumatatu kahawia,
Alhamisi nyekundu kama damu ya kuku,
Jumapili, mashine zikilala,
rangi ya maji.

Kisha mwaka wa mafuriko.
Maji yakapanda hadi rafu ya tatu.
Tsvetana wa maktaba, kijana bado,
akafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha
na mtaa mzima ukaanika vitabu
pamoja na soksi na mashuka.
Siku tisa. Watu walisoma wakipita,
kurasa mbili mbili, kutegemea upepo.
Baraza likaziba madirisha ya nyuma kwa matofali.
Hilo limo, kwa mwandiko wa karani aliyenitangulia:
mstari mmoja, hauna hata mkato.

Sasa mhandisi Yordanka alikuwa ametandaza ramani.
Tubomoe ukuta. Tushushe ngazi hadi majini.
Egesho la magari tulifute, tupande mierebi na matete.
"Mto una kitanda chake," alisema,
"na sisi tumeegesha magari juu ya shuka.
Upeni pa kulala, hautakuja kulala kwenu."

"Mto haupigi kura," akajibu Haralampiev,
"na vitabu havina msomaji."

Ndipo Tsvetana, nywele sasa nyeupe,
akainuka kwenye viti vya wageni
ambako hairuhusiwi kusema,
akaweka mezani kitabu cha ufugaji nyuki
kilichovimba kama mkate uliozidi hamira.
Hakusema. Ndani ya jalada, mihuri:
mara kumi na moja, mwaka huo peke yake.
Akarudi kuketi.

Kura zilipigwa kwa mikono.
Saba walikataa. Saba walikubali,
na mkono wa nane ukanyanyuka nusu, wa Gancho,
ambaye baadaye, koridoni, aliniambia
alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda msalani.
Nimeshauhesabu, nikamwambia.
Akanitazama kitambo.
"Basi," akasema, "uache huko huko."

Kazi ilichukua miaka mitatu, si mmoja.
Fedha za taa zililiwa na saruji.
Ngazi ya tano imepinda, mvua ikinyesha
hutuama dimbwi la kutosha shomoro wawili.
Lakini saa nane mchana jua huingia
kupitia pale palipokuwa na matofali,
hupenya majani ya mierebi
na kutikisika juu ya kurasa.
Watoto huja kuazima, suruali zimelowa hadi magotini,
na Tsvetana, badala ya kukemea,
amepigilia msumari mlangoni, akatundika taulo.
Gancho huvulia pale. Humwambia kila apitaye
kwamba kura iliyoamua ilikuwa yake.
Sisemi kitu.

Leo imeletwa barua ya malalamiko, sahihi sita:
jioni hapasomeki, kelele zimezidi,
baraza lichukue hatua.
Itasikilizwa kikao kijacho, ajenda ya nne.
Nimeiandika kama ilivyo, kwa neno moja:
"Vyura."