Punda wa Makole

Nimeshika futi kamba, ncha ya mwanzo.
Ncha ya pili anayo Ndahani, kule liliposimama gurudumu.
"Arobaini na mbili nukta sita!" anapaza sauti,
upepo unaila ile sita.
Naandika. Natema vumbi. Namwuliza tena.

Hapa palikuwa kibanda cha tiketi.
Perusi binti Masima alikaa humu miaka kumi na tisa,
kidole gumba cheusi kwa wino wa muhuri,
akijua mtoto gani kalipa
na mtoto gani kapita chini ya seng'enge,
akanyamaza.
Mimi nilikuwa wa seng'enge.
Kovu ninalo bado begani, kama herufi isiyomaliziwa.

Getini paliandikwa BUSTANI YA STAREHE.
Ile S ilidondoka mwaka wa njaa, hakuna aliyeirudisha,
tukakua tukisoma BUSTANI YA TAREHE
wala hatukuona kosa.

Seremala alitoka Kondoa. Aliagizwa farasi kumi na wawili.
Farasi hakuwahi kumwona ila kwenye kalenda,
na kalenda yenyewe ilichanika shingoni.
Basi akachonga anachokijua:
masikio marefu, tumbo la kubebeshwa madumu,
macho ya mnyama aliyekwisha kukubali.
Punda kumi na wawili wakaizunguka Makole
kwa kinanda kilichokosa sauti mbili,
nasi juu yao, wafalme, makamasi yakitutoka.
Yule wa buluu, asiye na sikio la kushoto,
tulimpigania mpaka damu.

Umeme ukikatika, Fundi Chilewa alivua viatu,
akakamata bomba la chuma, akatusukuma kwa miguu yake,
mduara, mduara, shati limemganda mgongoni.
Hakurudisha senti ya mtu.
"Umeme ni mimi," alisema, akihema.

Na juu ya gurudumu, kiti kikining'inia,
niliona reli, niliona bati la kwetu
na mawe tuliyoliwekea lisichukuliwe na upepo,
nikaona mahali mji unapokoma
na pori la kijivu linapoanza.
Leo ungepanda hata mara tatu ya pale
usingeuona mwisho.

Bango jipya limeshakita miguu.
Ghorofa tisa za vioo, maduka, ukumbi, maegesho,
watu wa kuchorwa wanapita,
hakuna hata mmoja mwenye vumbi kiatuni.
Nimetafuta watoto humo. Yupo mmoja.
Kashikwa mkono, anavutwa.

Sisemi pasijengwe.
Nina watoto watatu na kodi ya nyumba,
kamba hii ndiyo sufuria yangu.
Na lile gurudumu lilikuwa kutu tupu,
lilimla Magawa vidole viwili, tusijifanye tumesahau.
Ila juzi, tangazo la kuvunja lilipobandikwa getini,
tarehe, mwezi, saa mbili kamili asubuhi,
niliinua macho nikaona lango
lilikuwa limetuambia miaka yote.

Chuma kilipimwa kwa kilo.
Mnunuzi alikuja na mizani yake, na mizani ilikuwa na haraka.
Mbao hakuzitaka.
Fundi Chilewa alifika amevaa koti la kanisani,
akaomba spana yake, namba kumi na tisa,
akaifuta kwa leso,
akaondoka bila kugeuka.

Mimi niliondoka na wa buluu.
Nilimfunga nyuma ya pikipiki, miguu juu,
watu wa Nkuhungu wakaniuliza nimemgonga wapi.
Sasa yuko uani, kati ya ndoo na kamba ya nguo.
Damari, mwanangu wa mwisho, alimpanda jana jioni,
akashika shingo, akafumba macho, akangoja.
Akangoja.
"Baba, mbona haendi?"

Nilitazama upande wa jirani. Hakuna mtu.
Nikavua viatu,
nikashika sikio lililobaki.