Kufunga Diski

Diski ya kwanza niliichoma Jumatatu, umeme ukiwa mzima.
Ikasema vizuri hapa dukani, nikatoza elfu moja na mia tano.
Jumatano Bi Somoe Nankumba akairudisha toka Kitangari,
kaifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na nauli yake.
"Redio yangu imeizungusha," alisema, "kisha ikaitema."

Nikafanya tunayofanya sisi mafundi wa Newala tusiosomea:
nikaipuliza.
Nikaifuta kwa fulana, toka katikati kwenda ukingoni.
Nikasafisha jicho la mashine kwa pamba na spiriti ya kuazima,
nikashusha kasi, hamsini na mbili mpaka nane,
nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikaizima tena
kama mtu anayegonga mlango akijua wenyewe wamo.

Ingiza diski, ikasema.
Diski imo.
Ingiza diski tupu.
Nikaitoa, nikaigeuza juani: tupu
kama mfuko wa mkulima wa korosho mwezi wa tatu.
Imeshindikana, ikasema. Haikusema nini, wala kwa nini,
na hapo nikamkumbuka ofisa mmoja wa ardhi.

Sauti yenyewe ni dakika nne na sekunde kumi na moja.
Simu ya kitochi iliinasa bila kutumwa,
ghalani, msimu wa korosho, mumewe akiwa karani wa mizani:
Mkwanda, arobaini na mbili.
Nalinga, thelathini na tisa, zimelowa hizi, kaanike urudi.
Nampoto, hamsini kamili.
Kikohozi. Mtu anacheka kwa mbali. Gunia linatua.
Basi.
Hakuna wosia humo, hakuna jina la mke.
Na simu sasa haikai na chaji hata ya kuchemshia chai.

Diski sita zikaharibika.
Mtoto wa jirani akachukua mbili, akazifunga kwenye baiskeli,
mchana kutwa zikanimulika machoni.

Alhamisi usiku nilikaa nikasoma kila kisanduku
ambacho kwa miaka tisa nimekibonyeza "Sawa" bila kukisoma.
Kumbe kompyuta huuliza. Mara moja tu, kwa herufi za sisimizi:
diski hii utaitumiaje?
Kama flashi, uongeze na kufuta upendavyo,
au kwa redio na deki?
Miaka yote nilichagua jibu la juu
kwa sababu ndilo lililokuwa juu.

Diski iliyoachwa wazi humsemea aliyeiacha wazi.
Kwa wengine ni bubu, kigae kinachong'aa.
Lazima ifungwe,
na ikishafungwa huongezi kitu, hufuti kitu.

Nilimweleza Ijumaa. Alisikiliza kama anayetajiwa bei.
"Kwa hiyo hata kile kikohozi hakitoki?"
"Hakitoki."
"Vizuri."
Nikamwuliza kama anataka tuongeze neno kabla ya kufunga,
dua labda, au jina la marehemu na tarehe.
Akaitazama feni yangu isiyozunguka.
"Hapana. Mizani haiongezewi kilo."

Nikabonyeza jibu la chini.
Asilimia kumi. Arobaini. Sabini na moja.
Kwenye tisini na nane ikasimama, kufunga kunachukua muda,
na sote wawili tukaiangalia balbu,
hakuna aliyethubutu kuitaja.

Trei ikajitokeza yenyewe.
Akaipokea diski ikiwa na moto, kwa ukingo, nilivyomwelekeza.
Nikamwambia asilipe. Akalipa,
akahesabu chenji mara mbili, akanirudishia mia niliyozidisha.

Jumamosi asubuhi akanibipu.
Nilipompigia hakusema haloo.
Nikasikia kuku, sufuria, mtu akisogeza kigoda,
halafu, nyuma ya vyote, bila haraka:
Nampoto, hamsini kamili.

Nikasubiri kikohozi.
Kikaja.