Sifuri ya Kalunde

Wanafunzi mia mbili kumi na wawili,
shule mbili za Isevya, karatasi ya maswali:
usiku wa kuamkia mtihani, moyo ulikudunda kiasi gani?
Moja hadi kumi.
Kalunde akaipanga hofu kando ya alama,
kompyuta ikamjibu: sifuri nukta sifuri mbili.

"Hakuna uhusiano," msimamizi akaandika kwa wino mwekundu.
"Badili mada."

Mstari ulilala katikati ya nukta
mnyoofu kama reli ya kwenda Urambo,
haupandi, haushuki, haumjui mtu.

Akazima taa. Akaiwasha tena.
Akatazama nukta zenyewe.
Kushoto, chini, namba arobaini,
aliyejibu "moja" na kuchora mpira pembeni.
Kulia, chini vilevile, namba mia na tisa,
aliyetapika mlangoni pa chumba cha mtihani.
Na katikati, juu, wamesongamana
wenye hofu ya kutosha kufungua daftari.

Kilima.
Nusu ya kupanda imeifuta nusu ya kushuka,
na jumla yake ikaitwa hakuna.

Akamkumbuka baba yake kule Sikonge, mzingani:
moshi haba, nyuki wanakuvimbisha uso;
moshi mwingi, asali inanuka jivu hadi sokoni.
Hakuwahi kumuuliza kiasi.
Mzee alipuliza, akakohoa, akapuliza, akaacha.

Asubuhi akamwandikia msimamizi:
"Mada naomba ibaki. Tubadili mstari."
Kisha akakaa kusubiri, moyo ukimdunda
kama sita, alikisia.
Labda saba.