Msalaba wa Uzi

Septemba, kabla jua halijakausha mawe ya ukuta,
Eilwen alinituma vichakani na kopo la biskuti.
"Niletee jike aliyenona. Dume usihangaike naye,
keshaliwa, au yu njiani kuliwa."
Nilikuwa na miaka kumi na minne, mjini Dolgellau,
katika karakana ya darubini za wapima ardhi,
na kazi yangu ilikuwa buibui.

Nilimjua kwa msalaba: nukta nyeupe mgongoni,
kama unga uliobaki kwenye ncha ya kisu.
Alikaa kitovuni mwa utando, kichwa chini,
mguu mmoja ukiugusa uzi wa habari.
Chochote kikinasa, aliusoma mtikisiko:
huyu nzi, huyu nondo,
huyu nyigu, mkatie nyuzi aende na hasira zake.
Usiku ukiisha aliula utando wote
kama mtu anayemeza barua ili isisomwe,
na kabla hatujanywa chai alikuwa amefuma mwingine
kwa hariri ileile ya jana.

Eilwen alimtikisa kutoka kijitini.
Buibui hujitupa, lakini hajitupi bila kamba.
Eilwen aliidaka kamba hiyo hewani, akaizungushia fremu ya waya,
polepole, akiguna tenzi ya kanisani asiyoimaliza kamwe.
Vipande viwili, tone la vanishi, lenzi juu yake:
msalaba wa mgongoni ukahamia
jichoni mwa mpimaji.

Mwaka ule nilimleta mmoja mwenye mzigo.
Nyuma kidogo ya kichwa, mwanzo wa tumbo,
buu la rangi ya maziwa, dogo kuliko punje ya mchele,
limeng'ang'ania, linanyonya.
Mama yake ni nyigu mwembamba asiyejenga chochote:
alimchoma buibui, akampooza kwa dakika chache,
akambandika yai, akaenda zake.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Huyu hana nguo.
Akaendelea kuwinda. Akaendelea kufuma.
Kila nzi aliyemfunga sanda
alikuwa karamu ya mwingine.

"Mwache," Eilwen alisema. "Nataka kuona."

Usiku wa tisa hakufuma duara.
Alirudia nyuzi chache, palepale, palepale,
nene, zisizo na gundi, zisizoweza kunasa hata mbu:
kamba za kitanda.
Asubuhi buu lilikuwa limemmaliza,
limelala katikati ya kitanda hicho, linajifungia kifukoni.
Ngozi yake ilikuwa sakafuni, nyepesi kama ganda la kitunguu,
msalaba bado unasomeka.

Wiki iyo hiyo wakaja wapimaji
kutoka mji mkubwa uliokuwa na kiu.
Darubini tatu, malipo mazuri, haraka.
Mmoja akatandaza ramani, akaibana kwa kikombe chake,
na mimi nikaona buluu iliyomwagika
juu ya Nant Helygen yote: shule, kinu,
makaburi, nyumba ya mama yake Eilwen
yenye mlango wa kijani usiofunga vizuri.

Eilwen aliitazama mpaka chai ya mgeni ikapoa.
Kisha akaiteremsha fremu, akavaa miwani.
Nyuzi sita. Mkono haukutetemeka.
Sijawahi kuona misalaba iliyonyooka vile.

Miaka mingi baadaye, akiwa kitandani,
bila mimi kumuuliza, alisema:
"Yule hakujua anamfumia nani.
Mimi nilijua."
Akaomba dirisha lifunguliwe.

Jana nilipanda kwenye ukuta wa bwawa.
Jioni visubi hutoka majini kwa maelfu, wakiufuata mwanga wa taa,
na katika kila pembe ya reli
kuna buibui aliyenenepa kuliko wale wa vichakani kwetu.
Ndege mdogo mwenye mkia uliosimama
alipita akidonoa, mmoja, mwingine.
Hakuangalia chini.